Upande wa Pili wa Karatasi

Wanaosimulia mambo kama haya hupenda kusema yalimpata jirani, au binamu wa shemeji yao, mtu aliye mbali ambaye huwezi kwenda kumuuliza. Mimi natamani ningekuwa na jirani wa kumsingizia. Haya yalimpata mjomba wangu, kaka wa mama yangu tumbo moja, na ile sehemu ya mwisho, ambayo hata sasa naona haya kuisema, ilinipata mimi, sebuleni kwangu, saa nane mchana, jua likiwaka kama kawaida.

Yalianza Jumamosi ambayo haikuwa na jambo lolote la ajabu. Nina kiduka cha fotokopi. Naskani vyeti, nachapa barua za maombi ya kazi, nafunga ripoti za wanafunzi kwa zile springi za plastiki zinazokwangua vidole. Asubuhi hiyo mashine ilikuwa imemeza karatasi, nami nimeingiza mkono hadi kwenye kiwiko, naitukana taratibu wateja wasisikie, ndipo mjomba akaingia na boksi amelikumbatia kifuani.

Mtaa mzima ulimwita Penseli, na yeye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na babu. Alikuwa mchoraji. Siyo wa mabango ya saluni. Mchoraji wa watu. Ujanani aliondoka nyumbani akazunguka miaka kumi na moja, mji baada ya mji, mpaka baada ya mpaka, akilala kwenye stendi na magodauni, akiwachora vinyozi, makuli, wanawake waliosinzia kwenye mabenchi. Wenzake walirudi na redio na magodoro. Yeye alirudi na nguo mbili na madaftari kumi na mawili ya michoro. Watu walimcheka sana, ila mama yangu hakumcheka hata siku moja.

Madaftari hayo ndiyo yaliyokuwa kwenye boksi, kila moja na namba yake mgongoni kwa rangi nyekundu. Aliniambia amepimwa, ni presha ya macho, na daktari hakumficha kitu: kilichokwisha kuharibika hakirudi, na kilichobaki ni cha miezi michache. Mistari ya penseli ilikuwa imeanza kumpotea. Alitaka niskani kurasa zote, nizikuze kwenye skrini ya kompyuta, azione mara moja zaidi.

“Nimewakodolea watu macho maisha yangu yote, mama,” alisema. “Naona yamechoka yenyewe.”

Alikuwa akiniita mama tangu nikiwa mdogo. Nilicheka, nikafuta vumbi la stuli, nikamkaribisha.

Tukawa na utaratibu wetu. Jumamosi nafunga duka saa sita, nashusha mlango wa chuma nusu, yeye anakaa pua ikikaribia kugusa skrini, mimi naskani na kukuza. Madaftari matatu ya kwanza tuliyafurahia mno. Kinyozi aliyekata nywele huku amebana sigara. Kuli aliyelala juu ya gunia lake mwenyewe ili lisiibwe. Kila mmoja mjomba alimkumbuka: huyu alikuwa na kikohozi cha kubweka, huyu aliniazima blanketi sikumrudishia. Nikajifunza na namna yake ya kazi. Karatasi zilikuwa za shida huko alikopita, kwa hiyo alichora pande zote mbili. Na macho ya mtu aliyachora mwisho kabisa. Ukianza na macho, alisema, mtu anaanza kukutazama kabla hujajua unachokifanya, na mkono unaingiwa na haya.

Tulipofika daftari la nne, karibu na mwisho, nikakuta ukurasa umekatwa. Siyo kuchanwa. Umekatwa kwa wembe, pole pole, umebaki utepe mwembamba kwenye mshono. Nilimuuliza nini kilikuwa hapa. Mjomba akawa kama hakusikia, nami nikafungua ukurasa uliofuata.

Ulikuwa mchoro wa stendi ya mabasi. Benchi, paa la bati, chungu cha maji, mlango wa ofisi ya tiketi. Na mwanamke mmoja kando ya benchi, amesimama, mikono yote miwili ameinyoosha mbele, viganja juu, kama anayesubiri kukabidhiwa kitu.

Nilisema, huyu naye alikuwa anaomba nini. Mjomba akasogea. Akasogea tena. Pumzi yake ikaweka ukungu kwenye skrini.

“Sikumchora mtu hapo,” alisema.

Nikamwambia labda amesahau, miaka mingi. Hakubishana. Alivaa kofia yake akaniambia tumechoka, tutaonana Jumamosi. Alisahau fimbo yake mlangoni, yeye ambaye bila fimbo hiyo alishaanza kugonga viti.

Jumatatu, duka likiwa limepoa, nikalifungua daftari la nne kuangalia vizuri. Benchi lipo. Bati lipo. Chungu kipo. Mwanamke hayupo. Nikafungua lile faili kwenye kompyuta. Hayupo. Nikajiambia nimechanganya kurasa, maana ukifanya fotokopi siku nzima unaweza ukachanganya hata jina lako. Nikaendelea kukata vitambulisho.

Jumamosi tukaanza daftari la tano. Ukurasa wa kumi na mbili ulikuwa daraja, watu wanavuka wakiwa na mizigo. Yule mwanamke alikuwepo, upande wa huku wa daraja. Mgongo ametugeuzia. Mikono haikuwa imenyooshwa tena. Alikuwa amemwinamia kuli mmoja, kama mtu anayeuliza. Na yule kuli alikuwa ameinua mkono, ameelekeza kulia, nje ya karatasi. Kuelekea ukurasa unaofuata.

Mjomba akasogea kwenye skrini.

“Yule kuli alikuwa na mizigo mikono yote miwili,” alisema kwa sauti ya chini. “Nakumbuka. Nilihangaika sana na ile mishipa ya shingo.”

Mizigo ilikuwa chini, miguuni pake.

Nilipeleka mkono kuzima kompyuta, mjomba akanizuia. Nje watu walikuwa wanapita, mtu ananadi vocha za simu, mtoto analilia ice cream. Mchana mweupe kabisa.

“Anaulizia njia,” mjomba akasema. Kisha akanieleza, na wakati wote akinieleza alikuwa ametazama sakafu.

Alikuwa amelazwa kwa homa katika hospitali ndogo ya mji wa mpakani, jengo la vyumba vinne, wagonjwa wote mchanganyiko. Kwenye kitanda cha pembeni yake kulikuwa na msichana wa miaka mitano hivi, na mama yake, mwanamke mwenye gauni moja lililofuliwa mpaka rangi ikaisha likawa la kijivu. Mama alimwona anachora. Akamwomba amchoree mwanawe, maana hakuwahi kumpiga picha hata moja. Akaomba jambo moja zaidi: amchore akiwa ameyafungua macho, asionekane mgonjwa.

Mjomba alimchora siku tatu. Nywele, sikio, kidevu chenye kishimo, shingo, vidole vimeshika shuka. Alisema hakuwahi kuchora hivyo kabla, na hakuwahi kuchora hivyo tena. Yakabaki macho tu. Mtoto alikuwa amelala muda wote. Siku ya tatu alasiri akayafungua. Akamtazama mjomba, kwa utulivu, muda mrefu. Na mjomba wakati huo alikuwa na wembe mkononi anachonga penseli. Akajiambia nimalize kuichonga kwanza, ncha iwe nzuri. Alipoinua uso, mtoto alikuwa amekwisha.

Walimzika siku ile ile. Jioni mama akarudi wodini kuuliza ile karatasi. Mjomba akamwambia bado macho. Atayamalizia usiku, kesho asubuhi atampa stendi kabla ya kupanda basi lake. Na kweli alikusudia. Lakini usiku aliitazama ile kazi, na kadiri alivyoitazama akaona hawezi kuachana nayo.

“Asubuhi alikuwa pale,” mjomba alisema. “Amekuja kwa miguu. Amesimama chini ya dirisha langu, mikono kainyoosha hivi. Nikaegemeza kichwa kwenye kioo, nikajifanya nimelala. Basi likachelewa, mama. Nusu saa nzima. Nilikuwa nachungulia kwa jicho la kushoto, namwona. Hakunigongea kioo. Aliamini kweli nimelala, na hakutaka kuniamsha.”

Hakulia. Ingekuwa afadhali angelia, ningejua la kufanya.

Mwishoni nikamuuliza hiyo karatasi iko wapi. Nilidhani atasema ameichoma, au ilipotelea njiani. Akanitazama kwa macho yale yaliyokuwa yanazimika.

“Iko kwako,” akasema. “Sebuleni.”

Hapa inabidi nieleze. Sebuleni kwangu, kwenye nyumba aliyoniachia mama, kuna picha ya penseli kwenye fremu ya mbao. Ni mimi, nikiwa na miaka mitano. Ndiyo picha pekee ya utoto wangu, maana za kamera zote ziliharibika bati lilipovuja mwaka ule wa mvua nyingi. Mjomba aliileta kama zawadi alipotoka safari. Mama aliifuta vumbi kila asubuhi, na akija mgeni hakukaa dakika tano kabla ya kuonyeshwa: huyu ndiye mwanangu, mtazameni macho. Wageni wote walisema nimefanana mno. Kuna mambo mawili matatu hayakulingana. Kidevu kwenye picha kina kishimo, mimi sina. Mama alisema kilipotea nilipokua, nami nikaamini, nani atabishana na mama yake kuhusu kidevu.

Mjomba alikuwa amefika nyumbani mikono mitupu na aibu ikamshika mbele ya dada yake. Hakuwa na nguvu ya kuanza upya. Akaikata ile, akaibandika kwenye kioo cha dirisha, upande wa nyuma usiochorwa ukimwelekea, jua likapenya, akafuata mistari ya yule mtoto. Nywele zake. Sikio lake. Kidevu chake. Halafu akaniita nisimame mbele yake dakika mbili, akaweka macho yangu.

“Macho tu ndiyo yako,” alisema. “Yaliyobaki yote ni ya yule mtoto. Niletee hiyo fremu, mama. Wiki hii, kabla sijawa kipofu. Nimeyabeba macho ya yule mtoto kichwani miaka thelathini na mitano. Niyaweke mahali pake, mama yake akifika amkute mwanawe mzima. Sitaki kufa na hili.”

Nikamwambia nitaileta kesho.

Nilikwenda nyumbani kwa hasira. Nasema ukweli, siyo huruma niliyoisikia, ni hasira. Miaka yote hiyo mama yangu anamfuta vumbi mtoto wa mtu mwingine. Nikaitoa fremu ukutani, nikang'oa misumari midogo ya nyuma kwa kisu cha mezani, misumari minne, nikaichomoa karatasi. Nikaigeuza.

Alikuwepo. Mzuri, jamani. Mzuri hata ukakosa la kusema. Vidole vimeshika shuka, shingo imekonda, nywele zimelowa jasho. Na mahali pa macho, karatasi tupu.

Nikaiinua kwenye dirisha, jua la saa kumi likapita ndani yake. Nyuso mbili zikawa moja. Macho yangu yakakaa kwenye zile nafasi mbili tupu, sawasawa, bila kuzidi wala kupungua. Akanitazama kwa macho yangu.

Niliishusha haraka. Nikairudisha kwenye fremu, upande wangu mbele, nikapigilia misumari yote minne, nikaitundika. Nikajiambia nitaipeleka kesho.

Kesho ilipofika nilimwambia mjomba kioo kimepasuka, nimeipeleka kwa fundi fremu. Ni uongo uliotoka mdomoni laini kabisa, hata sikuupanga. Ningeweza kujitetea kwamba niliogopa. Lakini nilikuwa nakaa sebuleni jioni naitazama, nasikia sauti ya mama ikisema huyu ndiye mwanangu. Nikimpa yule mwanamke karatasi yake, mimi nabaki na nini? Mtoto gani niliyewahi kuwa?

Kila Jumamosi aliuliza. Kila Jumamosi fundi fremu alikuwa na sababu mpya. Amefiwa. Mbao hakuna. Nilimuua shangazi yake na mkwe wake huyo fundi, na mtu mwenyewe hayupo duniani. Wakati huo huo tuliendelea na skrini, kwa kuwa kuacha kuangalia kulitisha zaidi. Daftari la saba, yule mwanamke alikuwa kinyozini, na kinyozi ameelekeza kwa mkasi. Daftari la tisa, sokoni. Wanawake wanne kati ya bidhaa zao, wote wanne wameinua mikono, upande ule ule. Hakuna aliyemnyima njia. Kila mtu aliyewahi kuchorwa na mjomba alimsaidia.

Daftari la kumi na mbili ni la nyumbani, alilimalizia baada ya kurudi. Ukurasa wa kwanza ni barabara yetu.

Alikuwa mwanzoni mwa barabara.

Asubuhi iliyofuata simu ikalia kabla sijafungua duka. Mjomba. Sauti ilikuwa tulivu mno. “Nimeamka,” akasema, “na sijui kama kumekucha.” Nikatoka mbio na kanga mabegani. Nilimkuta ameketi kitandani, amevaa shati vizuri, ameelekeza uso kwenye dirisha ambalo halikuwa dirisha bali kabati la nguo. Mezani alikuwa ameandaa penseli tatu, zimechongwa ncha kali kabisa. Alikuwa amezichonga usiku, alisema, akijua fundi fremu leo hatakuwa na sababu.

Nilikaa chini kwenye sakafu, nikamshika magoti, nikamwambia yote. Hakuna fundi. Hakuna kioo kilichopasuka. Nilidhani atanifukuza.

“Najua,” akasema. “Hiyo sauti naijua. Ni yangu.”

Afadhali angenipiga makofi. Akaniomba jambo la mwisho. Macho hayawezekani tena, basi. Mtoto apewe mama yake hivyo hivyo alivyo. Akija, nifungue mlango. Nimpe mkononi mwake. Nimwambie kwamba yule mtu kwenye basi hakuwa amelala, na kwamba anaomba msamaha. Akanishika mkono, akarudia tena: nifungue mlango, nimpe mkononi, nimwambie. Hayo matatu tu. Nikaapa kwa kaburi la mama.

Nikafunga duka. Nikakaa nyumbani siku mbili, daftari la kumi na mbili mezani, fremu ukutani. Mwanamke alipita barabarani. Akawa kwenye geti. Nikifunga daftari na kulifungua, amesogea. Kwenye ukurasa wa ubaraza wetu alikuwa mbele ya mlango, na mkono wake, kwa mara ya kwanza, umeinuliwa kubisha. Ilikuwa siku ya tatu, saa nane kasoro. Nilikuwa nimeketi kwenye kochi.

Nikafungua ukurasa wa mwisho. Ni sebule. Kochi, meza, fremu ukutani. Mlango kwenye mchoro uko wazi.

Hodi.

Ilibishwa mlangoni kwangu. Polepole. Mara tatu.

“Hodi,” sauti ikasema. Sauti ya mtu aliyechoka safari. Hapakuwa na hasira ndani yake. Hata kidogo.

Niliapa. Nilikuwa nimejiandaa. Maneno nilishayapanga. Nikaiambia miguu isimame.

Haikusimama.

Kitasa kikazunguka. Na mimi, mtu mzima, mama wa mtoto aliye bwenini, mwenye duka, mwenye mdomo ambao mtaa mzima unaujua, nikajilaza kwenye kochi. Nikaegemeza kichwa. Nikafumba macho.

Nikajifanya nimelala.

Mlango ukafunguka. Nikasikia harufu ya dawa ya hospitali, na vumbi. Hatua za miguu mitupu. Zikaja hadi kochini. Zikasimama.

Nikahema kama mtu aliyelala. Ndani, nje. Ndani, nje. Nikachungulia. Jicho la kushoto, uwazi wa uzi tu. Gauni la kijivu. Mikono miwili imenyooshwa juu yangu, viganja juu. Imetulia.

Alisubiri. Sijui muda gani. Ulikuwa muda wa kutosha kuamka, kusema neno moja. Hata “karibu”. Sikusema. Halafu akafanya kitu ambacho ndicho kinachoniamsha mpaka leo. Akachukua kanga yangu iliyoanguka sakafuni, akanifunika miguu. Taratibu, asiniamshe.

Nikasikia fremu inatoka ukutani. Misumari, mmoja baada ya mwingine. Karatasi. Kisha kimya, kisha sauti ndogo ya mwanamke anayemsemesha mtoto, maneno sikuyashika. Hatua zikaenda mlangoni. Zilikuwa za watu wawili.

Nilipofungua macho kivuli cha dirisha kilikuwa kimeshavuka meza. Fremu ilikuwa mezani imelazwa chali, kioo pembeni, misumari minne imepangwa mstari. Karatasi ilikuwepo. Niliigeuza. Upande wa mtoto, mweupe; hata alama ya penseli hakuna. Upande wangu, hakuna nywele, hakuna sikio, hakuna kidevu. Alichukua kila kilichokuwa chake. Akaacha kilichokuwa changu, macho mawili katikati ya karatasi.

Yamefumbwa.

Nilitoka ubarazani. Jirani yangu msusi, anayesuka watu kivulini upande wa pili wa barabara, aliniuliza kama mgeni wangu ameshaondoka, yule mama mwenye gauni lililopauka. Alisema alimpitia akiulizia nyumba, akamwonyesha. Akainua mkono wenye chanuo kunionyesha jinsi alivyomwelekeza. Akasema alimwona pia akitoka na mtoto wa kike, mkono kwa mkono, na akashangaa, maana aliingia peke yake. Nikamuuliza mtoto huyo alikuwaje. Mzuri, akasema, ila alikuwa anatembea kama asiyeona, mama yake anamwongoza kwenye mawe.

Jioni nilimpelekea mjomba karatasi. Aliipapasa kwa kidole gumba, huku na huku, kwa muda mrefu.

“Ulimwambia?” akauliza.

“Nilimwambia,” nikasema.

Alishusha pumzi ndefu sana. Machozi yakamtoka kwenye yale macho yasiyoona, akacheka, akanibusu viganja. Alikufa mwezi uliofuata akiwa na amani, na watu wote msibani walisema hawajawahi kuona maiti yenye uso mtulivu hivyo. Nilipokea pole zao zote.

Madaftari ninayo. Sasa ni michoro tu, kuli ana mizigo yake, kinyozi ananyoa. Ile karatasi nimeirudisha kwenye fremu, nimeigeuzia ukutani nyuma ya kabati, kwa kuwa siwezi kuitupa na siwezi kuitazama. Juzi nilihamisha kabati kufagia. Nikaigeuza, sijui kwa nini.

Jicho la kulia bado limefumbwa. La kushoto limefunguka, kiasi cha uzi.